Blak Blad ya Kahawa: Klabu Inayolea na Kuaga

Kila mwaka Blak Blad hupoteza sehemu kubwa ya kikosi chake, na hakuna mpinzani anayehusika. Ni mahafali. Mchezaji wa namba tisa aliyechukua misimu mitatu kujua jinsi mwenzake wa namba kumi anavyopenda kupokea mpira huvaa joho, hupiga picha na wazazi waliosafiri usiku kucha kutoka Vihiga au Meru, kisha hufunga virago. Muhula mpya unapoanza, kocha anakutana na vijana wa mwaka wa kwanza ambao wengine bado wanauliza njia ya kwenda maktaba. Kwa hao atajenga timu ya kukabiliana na wanaume wa miaka thelathini wenye mabega yaliyokomaa.

Hiyo ndiyo klabu ya raga ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambayo mashabiki wameifupisha wakaiita Blad. Sisi wa Kahawa Sukari tuko ng'ambo tu ya barabara kuu ya Thika kutoka chuoni. Tumeizoea kiasi kwamba twaweza kusahau kuwa ni moja ya mambo machache ya eneo letu yanayojulikana na Wakenya ambao hawajawahi kushuka kwenye steji yetu. Nyumba za kupanga zipo kila mahali, na maduka yapo kila mahali. Timu ya wanafunzi inayopimana nguvu na mabenki na viwanda vya sukari katika ligi kuu ya taifa ni jambo la kujivunia, na historia yake inastahili kusimuliwa pamoja na historia ya ardhi inayochezea.

Ardhi hiyo ilianza kama kambi. Kabla ya uhuru, wanajeshi wa Uingereza walikaa Kahawa katika kambi iliyopewa jina la Templer, jemadari wa Kiingereza. Mwaka 1965 serikali ya Uingereza iliikabidhi kambi hiyo kwa serikali ya Kenya, nayo ikageuzwa kuwa Chuo cha Kenyatta: upande mmoja masomo ya sekondari, upande mwingine mafunzo ya ualimu. Mabweni ya askari yakawa mabweni ya walimu watarajiwa. Jeshi halikuhama lote, kwani kambi ya jeshi la Kenya bado ni jirani wa chuo hadi leo. Hata hivyo uamuzi wa kuweka walimu mahali palipokaa bunduki ulikuwa mmoja wa uamuzi bora wa miaka ile ya mwanzo, na kwa upande wa raga matokeo yake yalikuja kuonekana mbali sana na Kahawa, kama nitakavyoeleza.

Mchezo wenyewe ulikuwa umekwisha kuwepo nchini kwa zaidi ya nusu karne, lakini haukuwa wetu. Mechi inayotajwa kuwa ya kwanza ilichezwa mwaka 1909, maofisa wa serikali ya kikoloni wakipambana na walowezi. Chama cha raga cha Kenya kiliundwa mwaka 1921. Klabu ya Nondescripts ilizaliwa mwaka 1923, na kuanzia mwaka 1930 klabu zikawa zinagombea Kombe la Enterprise, ambalo lilipata jina lake kutoka meli ya kivita ya Uingereza. Mwaka 1955 timu ya British Lions ilipita Nairobi ikirudi kutoka Afrika Kusini, ikaichapa Afrika Mashariki 39–12 kwenye uwanja wa Ngong Road. Katika miaka hiyo yote Mwafrika alikata nyasi za uwanja, akafua jezi, akapika chakula cha baada ya mechi. Mlango wa kuingia uwanjani kama mchezaji ulipita kwenye shule za Wazungu, hasa Prince of Wales na Duke of York, na shule hizo hazikumpokea mpaka uhuru ulipokaribia. Zilipobadilika kuwa Nairobi School na Lenana, wavulana wa Kiafrika walijifunza mchezo huo kwa kasi iliyowashangaza walioudhani ni urithi wa familia zao.

Ligi ya kitaifa, Kenya Cup, ilianza mwaka 1970. Hapo vijana wa Lenana na Nairobi School walikuwa wanafika chuo kikuu, na chuo kikuu kilikuwa kimoja. Mwaka 1977 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliingia ligini kwa jina la Mean Machine na kutwaa ubingwa msimu wao wa kwanza. Mwaka huohuo ilianzishwa Mwamba, klabu ya Waafrika waliochoka kuwa wageni katika klabu za wengine. Mimi huuhesabu mwaka 1977 kuwa mwaka ambao raga ya Kenya ilibadilisha wenyewe. Katiba na sheria zilikuwa zimekwisha badilika. Sasa vijana wenyewe walionyesha kwamba wanaweza kuunda timu, kuiongoza na kushinda bila kupewa ruhusa na mtu.

Kahawa ilikuwa wapi katika hayo? Tangu 1970 Chuo cha Kenyatta kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi wa kwanza wa shahada ya ualimu waliingia mwaka 1972, na mwaka 1978 kitivo chote cha elimu kikahamishiwa huku kutoka mjini. Kwa hiyo mwanafunzi aliyelala Kahawa, kwa karatasi, alikuwa mwanafunzi wa Nairobi. Mwaka 1985 bunge lilipitisha sheria ya kuanzisha Chuo Kikuu cha Kenyatta, na Desemba ya mwaka huo kikazinduliwa rasmi. Ndugu wakagawana nyumba. Ndiyo maana mechi ya Blak Blad na Mean Machine ina ukali ambao jedwali la ligi haliwezi kuueleza. Timu zote mbili zikiwa mkiani, mechi hiyo bado itachezwa kana kwamba kuna shamba linagombewa, na basi la wageni litasindikizwa kwa nyimbo ambazo nyingine haziwezi kuimbwa mbele ya mama mkwe.

Mwaka huohuo wa 1985, kilomita chache kutoka hapa, watafiti wa kahawa wa Ruiru waliwapa wakulima mbegu ya Ruiru 11, yenye kustahimili ugonjwa wa chule na kutu ya majani. Nataja jambo hili kwa sababu wenyeji wanajua kitalu ni nini. Mwenye kitalu hahesabu miche iliyobaki kwake. Anahesabu mashamba ambako miche yake inazaa. Blak Blad ni kitalu, na anayeipima kwa vikombe vilivyo kabatini anaipima kwa kipimo cha shamba.

Turudi kwa walimu. Kwa miongo mingi Kenyatta ndicho kilichotoa walimu wengi wa shule zetu za sekondari, na mwalimu hupelekwa anakotumwa. Kijana aliyejifunza kukaba na kusukuma skramu hapa Kahawa alijikuta Kakamega, Siaya, Nakuru au Embu, akifundisha hisabati asubuhi na kukabidhiwa idara ya michezo jioni kwa kuwa ndiye mdogo kuliko walimu wote. Shule haikuwa na mpira wa raga, aliutafuta. Milingoti ya goli ilikatwa kwenye miti ya shamba la shule. Ndivyo mchezo uliokuwa wa shule mbili tatu za Nairobi na Bonde la Ufa ulivyotanda hadi Kakamega High, Maseno na St. Mary's Yala, na leo wachezaji wengi wa timu ya taifa wanatoka magharibi mwa nchi. Vyuo vyote vina sehemu yao katika kazi hiyo, lakini chuo cha walimu kina sehemu kubwa zaidi. Hakuna kombe linalotolewa kwa huduma ya namna hiyo. Kama lingekuwepo, lingekaa Kahawa.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo juu ya pesa, kwa maana utambulisho wa Blad umefungwa nazo kwa njia ya pekee. Mtu akitaja klabu ya raga ya kulipwa, historia ya suala hilo inaanzia Huddersfield, kaskazini mwa Uingereza, tarehe 29 Agosti 1895. Klabu za kaskazini zilikuwa na wachezaji wachimba makaa na wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Wakicheza Jumamosi walikatwa mshahara, na viongozi wa mchezo huko London walikataa katakata kuruhusu wafidiwe. Mabwana wa kusini, ambao hawakuhitaji mshahara wa Jumamosi, waliona kulipwa ni aibu. Klabu za kaskazini zikajitenga na kuunda chama chao, na kutoka kwao ukazaliwa mchezo wa raga ya ligi, wenye wachezaji kumi na watatu badala ya kumi na watano. Raga ya wachezaji kumi na watano, ile inayochezwa kwetu, haikukubali malipo waziwazi mpaka Agosti 1995, miaka mia kamili baadaye.

Kenya ilipata njia yake ya katikati. Klabu hazikuwa na pesa za kulipa mishahara, lakini makampuni yalikuwa na ajira. Benki ya KCB iliunda timu yenye makao Ruaraka, hapohapo kwenye barabara yetu ya Thika, ikatwaa Kenya Cup mwaka 2005, 2006 na 2007, kisha ikarudi kutawala na kushinda mara tatu mfululizo tena, 2017 hadi 2019. Kule Kakamega, kampuni ya sukari ya West Kenya iliijenga Kabras, nayo ikapata ubingwa wake wa kwanza mwaka 2016. Nakuru kuna Menengai Oilers, ambayo jina lake linatangaza biashara iliyo nyuma yake. Mchezaji katika klabu za aina hii anaweza kupata posho, kazi, matibabu, na lishe inayopimwa. Sioni aibu yoyote katika hilo. Wachimba makaa wa Huddersfield walikuwa na haki, na kijana wa Kangemi anayevunjwa mbavu kwa ajili ya jina la kampuni anastahili kulipwa na kampuni hiyo.

Blad haina cha kumpa mchezaji kinacholingana na hayo. Chuo hutoa uwanja, usafiri, na msaada unaotegemea bajeti ya mwaka. Mchezaji mwenyewe hula alichojipikia kwenye chumba cha hosteli au chapati na ndengu za kibandani, ananunua viatu vya kuchezea kwa pesa za mkopo wa masomo, na akiumia goti anakwenda darasani kwa magongo. Kisha Jumamosi anapangwa dhidi ya KCB. Mchezaji mzuri wa mwaka wa tatu anajua kwamba watu wa klabu tajiri wanamtazama. Wachezaji wengi wa namna hiyo huenda, wengine hata kabla hawajahitimu, na mtu mwenye busara hamlaumu mtoto wa watu kwa kufuata riziki. Anayebaki hadi mwaka wa nne anabaki kwa sababu nyingine: kwa ajili ya wale aliokaa nao chumba kimoja, kwa ajili ya jina, na kwa ajili ya wakubwa waliomvumilia alipokuwa hajui kusimama kwenye skramu. Hapo ndipo ninapoona utambulisho wa klabu hii. Pesa haijawahi kumshika mtu Blad, kwa hiyo kila aliyevaa jezi yake aliivaa kwa hiari.

Kalenda nayo ni mpinzani. Msimu wa ligi huanza kwa kawaida mwishoni mwa mwaka, wakati mitihani ya muhula inabisha hodi, na mechi za kuamua bingwa na anayeshuka daraja hufika wakati wa mitihani mingine. Mhadhiri wa fizikia hajali kwamba Jumamosi kuna safari ya Kakamega. Wahadhiri wakigoma na chuo kikifungwa, wachezaji hutawanyika makwao, na kocha hujikuta akipiga simu Busia na Machakos kutafuta washambuliaji wa mbele. Machi 2020 ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, ligi ilisimama, na klabu za mitaani angalau zilibaki na wachezaji wao mjini. Timu ya chuo ilipoteza hata mabweni.

Kuna jambo la kiufundi ambalo mtazamaji wa pembeni halioni, nalo ndilo linaloeleza zaidi mateso ya timu ya wanafunzi. Beki wa pembeni anaweza kung'ara akiwa na miaka kumi na tisa, maana mbio ni za ujana. Mchezaji wa mstari wa mbele wa skramu hawi tayari katika umri huo. Shingo, mgongo, na ule ujuzi wa kumsoma mpinzani anayekusukuma kwa kilo mia na kumi hukomaa mtu akikaribia miaka thelathini. Blad humpoteza mchezaji huyo akiwa na miaka ishirini na mitatu, anapoanza tu kuiva. Kwa hiyo kila kizazi cha timu hii kimelazimika kucheza raga ya aina moja: kuutoa mpira haraka kabla uzito haujawafikia, kukimbia kutoka kwenye eneo lao wenyewe, kumchosha mtu mzima. Ukiitazama Blad ikishinda, mara nyingi itakuwa katika dakika ishirini za mwisho, wakati mapafu yamekuwa na thamani kuliko misuli. Ikishindwa, itakuwa kwa kusukumwa nyuma mita kwa mita tangu filimbi ya kwanza. Mtindo huo ulizaliwa na umri wa wachezaji, ukawa tabia, na sasa wazee wa klabu huutetea kama imani.

Miguu iliyozoea kukimbia hivyo ndiyo inayohitajika katika raga ya wachezaji saba, na hapo vyuo vyetu vimelipatia taifa faida kubwa. Humphrey Kayange alitoka Mean Machine akiwa mwanakemia, akawa nahodha wa Kenya, na mwaka 2021 akachaguliwa kuingia Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mdogo wake, Collins Injera, alifunga trai 279 katika mfululizo wa mashindano ya dunia, na mwaka 2016 alishika rekodi ya mfungaji bora wa wakati wote. Aprili ya mwaka huo, huko Singapore, Kenya chini ya kocha Benjamin Ayimba iliipiga Fiji 30–7 katika fainali na kupata ubingwa wake wa kwanza wa duru ya dunia. Andrew Amonde wa KCB, mchezaji wa hapa Ruaraka, alibeba bendera ya taifa pamoja na Mercy Moim wa voliboli katika ufunguzi wa Olimpiki ya Tokyo. Nawataja hawa, ambao si wa Blad, kwa sababu mchezaji wa Kahawa amekua akiwa katikati yao: wakimfundisha, wakimwangusha, wakimpa kipimo cha mahali anapoweza kufika.

Barabara yenyewe imebadilisha mambo. Barabara kuu ya Thika ilipozinduliwa mwaka 2012 baada ya upanuzi, Kahawa iliacha kuwa safari. Roysambu kuna USIU, Kahawa kuna Kenyatta, Ruiru kuna Zetech, Juja kuna JKUAT, na vyuo hivyo vyote vina timu za raga. Ukiongeza KCB pale Ruaraka, ni barabara chache nchini zenye raga nyingi namna hii katika mwendo wa nusu saa, msongamano ukiruhusu. Kahawa Sukari na Wendani zimejaa wanafunzi waliopanga vyumba, na miongoni mwao wachezaji. Mwenye nyumba anamjua mpangaji wake wa chumba cha nne kama kijana mpole anayechelewa kulipa kodi. Hajui kwamba Jumamosi iliyopita alifunga trai mbili. Mama wa kibanda anajua zaidi, kwa sababu yeye humwona akila sahani mbili.

Tunaweza kufanya vizuri zaidi kama majirani. Mashabiki wengi wa Blad ni wanafunzi, nao pia huhitimu na kuondoka. Klabu za mjini zina wazee waliokaa kwenye benchi moja kwa miaka arobaini, wanaomjua kila aliyepita na kumtania kwa makosa ya mwaka 1988. Klabu ya chuo haina benchi hilo, kwa hiyo kumbukumbu yake hutembea mdomoni: nahodha humwambia nahodha, kizazi cha nne hakisikii tena. Wanaoweza kuwa wazee wa benchi la Blad ni sisi tusiohitimu, wenye nyumba Sukari na maduka Wendani, ambao watoto wetu huvuka daraja la waenda kwa miguu kwenda kutazama mechi bure.

Kuna kazi tatu ambazo ningependa kuziona zikianza wakati chuo kimetimiza miaka arobaini ya hadhi yake. Ubao uwekwe karibu na uwanja, wenye majina ya manahodha wote tangu mwanzo, na nafasi ya kutosha kwa wajao. Idara ya historia, ambayo ina wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu, iwatume wakawahoji waliocheza miaka ya themanini na tisini; wengi wao ni walimu wakuu waliokaribia kustaafu au waliokwisha kustaafu, na picha za timu ziko kwenye albamu zao, chini ya vyeti vya ubatizo. Tatu, ihesabiwe shule kwa shule: nani alipelekwa wapi, alianzisha timu mwaka gani, na wachezaji gani walitoka mikononi mwake. Orodha hiyo ikikamilika, klabu iipeleke kwa chama cha raga na kuomba iandikwe katika historia ya mchezo huu Kenya, pamoja na orodha ya mabingwa.

Kazi ya kwanza haihitaji hata kamati. Inahitaji fundi wa mbao, na Kahawa Sukari ina mafundi wa kutosha.